Usingizi wa Askari Wangu

Nilipokabidhiwa platuni ya askari 31 iliyotumwa nje ya nchi kwa miezi sita, niliamini kwamba wajibu wangu kuhusu hali ya nafsi zao ulikuwa kuwatia moyo kwa maneno. Kila asubuhi niliwahutubia juu ya ushujaa na kiapo, na yeyote niliyemwona amezubaa nilimwambia ajikaze. Ndivyo nilivyolelewa jeshini, na niliwapenda kwa namna hiyo.

Mwezi wa pili, gari la mbele la msafara wetu lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Askari mmoja alifariki na wawili wakajeruhiwa. Jioni ile niliwakusanya waliobaki, nikalitaja jina la marehemu, tukasimama kimya, kisha nikawapangia doria ya alfajiri, nikidhani kwamba kurudi kazini haraka kungewazuia kuwaza. Wiki mbili zilizofuata, mwendeshaji wetu wa redio, ambaye hakuwahi kukosea, alianza kuchanganya majina ya vituo, na marafiki wawili wakakunjana mashati kwa sababu ya kikombe cha maji. Koplo mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akituchekesha sote tangu siku ya safari, akawa anajitolea kwa kila zamu ya usiku. Nilimsifu mbele ya wenzake. Sifa ile inaniuma hadi leo, kwa kuwa alikuwa akiomba zamu zile kwa hofu ya kulala.

Aliyenifumbua macho ni sajenti wangu, mtu aliyekwisha kwenda operesheni tatu kabla ya ile. Alinijia usiku, akaniomba faragha, akasema, "Afande, niwie radhi kwa nitakalosema. Vijana hawa hawajapungukiwa na ushujaa, wamepungukiwa na usingizi. Na hawawezi kukuambia, maana unawauliza wakiwa wamesimama mstarini."

Tulikaa chini na daftari la zamu, tukahesabu saa za kila mmoja. Wengi walikuwa wakilala chini ya saa nne kwa siku, tena kwa vipande. Mtu aliyekesha saa 24 mfululizo huwa mzito wa kuamua na kutenda sawa na mlevi ambaye nchi nyingi zisingemruhusu kuendesha gari, nasi tulikuwa tukiwapa watu wa hali hiyo bunduki na kuwataka waamue kwa kufumba na kufumbua kama anayewakaribia ni adui au mkulima. Hasira zao na woga wao, nilivyoona baadaye, vilikuwa na mizizi palepale. Nikaandika zamu upya: kila askari apate saa sita za usingizi bila kukatizwa, hata kama mimi, sajenti na makamanda wa sekisheni (vikundi vidogo vya platuni) tungelazimika kushika lindo wenyewe. Kamanda wa kombania, mkuu wangu, alikataa kwanza kuondoa lindo moja ambalo eneo lake lilikuwa likionekana pia kutoka lindo jingine; nilipomrudia na hesabu ya saa, si malalamiko, alikubali.

Kusikiliza kulinichukua muda mrefu zaidi kujifunza. Nilipowauliza kama wako sawa, jibu lilikuwa moja: "Sawa, afande." Nikaanza kuwatembelea lindoni usiku, nikiketi kando ya askari huku sote tukitazama giza lilelile, na nikaacha maswali mapana. Niliuliza alilala saa ngapi jana, au lini aliongea na nyumbani kwa mara ya mwisho. Usiku niliokaa na koplo, nilitangulia mimi: nilimwambia kwamba tangu siku ya mlipuko, mlango ukifungwa kwa kishindo mwili wangu hushtuka kabla ya akili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba asubuhi ile alikuwa amebadilishana kiti na marehemu.

Sikukimbilia kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, ingawa ndiyo kweli. Naona neno hilo likiwahi mno humfunga mtu kinywa. Nilimwomba anisimulie asubuhi ile yote, naye akasimulia hadi zamu ikabadilishwa.

Asubuhi nilikwenda naye kwa daktari wa kikosi. Tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia madaktari wa majeshi wameshauri kwamba askari aliyezidiwa ahudumiwe mapema, karibu na wenzake, na aelezwe kuwa anatarajiwa kupona. Watafiti wa baadaye walitilia shaka sifa kubwa zilizotolewa kwa njia hiyo, kwa hiyo sikuichukua kuwa dawa ya kila mtu, lakini kwa koplo ilifaa: siku tatu za kulala, chakula cha moto na kazi nyepesi stoo, akila na sekisheni yake. Daktari alinifundisha pia kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa kuwa swali hilo halimpandikizii wazo. Koplo alijibu hapana.

Mwezi mmoja baadaye askari mwingine alijibu ndiyo. Hatukumwacha peke yake hata dakika moja. Silaha yake ikahifadhiwa, na siku hiyohiyo akapelekwa hospitali akisindikizwa na rafiki yake. Kabla hajaondoka nilimuuliza angependa wenzake waambiwe nini, akasema niwaambie anaumwa na anatibiwa. Niliwaambia hivyo, kwa sauti ileile ambayo ningeitumia kama angepigwa risasi, na jioni ile askari wawili walikuja wenyewe kuomba kumwona daktari.

Tuliporudi nyumbani nilihifadhi namba za simu za wote, nikawa nawapigia kila baada ya wiki mbili, maana huku hakuna lindo la kuwatembelea. Mwezi wa tatu koplo alitangulia kunipigia. Alikuwa amewasiliana na wazazi wa marehemu, nao walikuwa tayari kumpokea, lakini hakuweza kwenda peke yake kuwaeleza habari ya kile kiti. Niliomba ruhusa ya siku mbili, tukaenda pamoja.