Siku moja kwenye ujenzi wa nyumba ya uzeeni, Bagamoyo

Saa 1 asubuhi. Watu hudhani msanifu majengo anachora tu. Siku inaanza kwa kukagua mchanga. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ikifika kwenye nondo, nondo zinavimba kwa kutu na zege linapasuka. Tunatumia wa mto, na biskuti, yaani vipande vidogo vya zege, za sentimita 5 chini ya nondo.

Saa 3. Mlango wa mbele. Jamvi, yaani sakafu ya zege, limeinuka sentimita 45, kwa hiyo njia ya mteremko iwe na mita 5.4: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda. Tunaipitisha kandokando ya baraza, nyumba isipoteze sura yake. Baraza yenyewe ina kimo cha sentimita 47, maana ya chini zaidi inayatesa magoti wakati wa kuinuka. Milango ni sentimita 90 wazi, vitasa vya kubonyeza.

Saa 5. Bafu, na hapa ndipo siku inapoishia. Fundi vigae amejenga tuta la sentimita 10 kuzuia maji, kama alivyozoea. Tuta hilo ndilo mzee atajikwaa nalo usiku. Tunalivunja. Ili maji yasitoke bila tuta, bafu lilipaswa kushushwa tangu siku ya kumwaga jamvi, lakini halikushushwa. Jamvi lina sentimita 10 tu. Ukilichonga nusu unalidhoofisha. Inabidi kukata kipande cha mita 1.2 kwa 1.2, kuteremsha mawe, kuunganisha nondo na kumwaga upya, na sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Vumbi, kelele, jasho.

Katikati ya hayo binti wa wenye nyumba anapiga simu kutoka Muscat. Anataka vigae vya kung'aa, na hataki vyuma vya kushikia ukutani.

"Kaka, wazazi wangu si wagonjwa."

"Naelewa dada. Hebu tazama hapa."

Naelekeza kamera kwenye vigae viwili, navimwagia maji ya sabuni. Kandambili inateleza kwenye kile cha kung'aa. Kwenye cha R11, daraja la vigae visivyoteleza, inashika. Ananyamaza. Vyuma tunakubaliana viwe vya kutundikia taulo pia: unene sentimita 3.5, kimo 85, chuma cha pua cha daraja la 316, kinachostahimili chumvi, maana cha kawaida hewa ya bahari inakila upesi. Skrubu zipite plasta, zishike zege. Fundi mzito kuliko wote atakining'inia kila kimoja.

Jua linashuka, madirisha bado. Vyumba vipate upepo wa kusi na wa kaskazi, na kizingiti cha chini kiwe sentimita 60, aliyekaa aione bahari. Swichi mita 1 kutoka sakafuni, soketi nusu mita, taa ndogo toka kitandani hadi chooni.

Tunafunika zege jipya kwa magunia mabichi. Litamwagiliwa siku saba. Kisha dawa ya kuzuia maji mara mbili, ikikauka tunaziba tundu, tunajaza maji, tunasubiri saa 24 kabla ya kigae cha kwanza.