Tunapishana mlangoni

Saa 12 na nusu asubuhi mama watoto anaingia kutoka zamu ya usiku hospitalini, na mimi natoka na watoto: mkubwa, wa miaka 4, nimemshika mkono, mdogo, wa miezi 16, yuko kwenye kigari. Pale mlangoni tunapata kama dakika tano. Namwambia nani kalala vibaya, nani hakumaliza maziwa, pua ya nani imeanza kutiririka. Yeye ananiambia kama atalala moja kwa moja au ana shughuli mchana. Kisha mlango unafungwa. Siku nne za juma ndivyo tunavyoonana, na tuliamua wenyewe iwe hivyo, ili watoto wasikae kutwa nzima kwenye kituo cha kulelea watoto. Saa 9 alasiri yeye anawafuata, mimi narudi jioni, tunakula, anaondoka.

Nilipohamia huku nilidhani shida ya kulea ugenini itakuwa muda. Nilichora ratiba, nikaibandika jikoni, na kusema kweli ratiba inafanya kazi. Tunachokosa ni mtu wa ziada, yule ambaye humwombi. Nililelewa katika nyumba ambayo mtoto akilia, aliye karibu anambeba, iwe ni shangazi, binamu au mgeni aliyekuja kusalimia. Hakuna aliyepanga zamu. Huku kila mkono wa msaada lazima uuombe, uupangie siku, kisha ushukuru. Kuomba huko kulinichosha kuliko kazi yenyewe, kwa hiyo kwa muda mrefu sikuomba.

Mwaka wa kwanza wa mkubwa wetu kituoni ulitufundisha kwa nguvu. Mtoto mdogo kwa kawaida huweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na wanaoshinda pamoja na wenzao wanaweza kuzidi hapo. Ningeijua hesabu hiyo mapema, nisingekuwa nachukulia kila homa kama ajali. Mafua mamoja yanaweza kumaliza wiki nzima. Wakiwa wawili, mkubwa akianza kupona ndipo mdogo anaanza kukohoa.

Kuna siku moja ambayo bado inanikosesha amani. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mimi ni mhasibu, na siku hiyo tunafunga hesabu. Saa 4 asubuhi kituo kikapiga simu: mtoto ana homa, aje mtu amchukue. Nikampigia mama watoto. Alikuwa amelala kwa muda wa saa 2 tu. Akaamka, akaenda, akashinda na mtoto mgonjwa mapajani, na usiku akarudi kazini kupima dozi za dawa za wagonjwa. Mimi nilibaki macho mpaka alfajiri nikiwaza: akikosea tarakimu moja? Mgonjwa aliyelala kitandani hajui kwamba muuguzi wake hakulala kwa sababu mumewe aliogopa kumwambia bosi kwamba lazima aondoke.

Wiki hiyo nikazungumza na bosi. Awali nilikuwa naomba ruhusa nimeinamisha kichwa, kama mtu anayekopa. Safari hii nilikuwa nimesoma mkataba wangu wa ajira na sheria ya hapa. Nilisoma pia Mkataba Namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaosema kwamba majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, na nyingi hazijauridhia, kwa hiyo usiende nao mezani kabla hujajua nchi uliyopo imesimama wapi. Mimi hata sikulazimika kuutaja. Niliandika pendekezo la ukurasa mmoja: siku 3 za kufunga mwezi nipo ofisini kwa vyovyote vile, siku nyingine, mtoto akiugua naondoka, na kazi naimalizia nyumbani usiku baada ya watoto kulala. Tukakubaliana tujaribu miezi 3. Imepita, na hakuna aliyeniambia niache.

Lakini zile siku 3 bado zilihitaji mtu.

Mama yangu angekuwa karibu, nisingeandika haya. Yeye tunampata kwa video kila Jumamosi. Mwanzoni nilisita kumweka mdogo mbele ya simu, mpaka niliposoma mwongozo wa 2016 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani: chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, isipokuwa kuzungumza na watu kwa video. Basi mdogo analamba kioo cha simu na bibi yake anafurahi. Mkubwa ndiye alinitia uchungu, kwa kuwa anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa lugha ya huku. Nilikuwa namkatiza, namrekebisha, mpaka mama akasema, "Mwanangu, muache aseme anavyoweza. Wewe zungumza naye tu, mimi nipo." Nikaacha. Sasa anasimulia mengi zaidi, na neno moja moja la kwetu linajitokeza katikati.

Mtu tuliyemhitaji alikuwa ghorofa ya chini. Ni mama mtu mzima, na kwa miezi 4 tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi tu. Jumapili moja nikashuka na watoto wote wawili, nikamwambia wazi: mtoto akiugua na sisi wote hatuwezi kutoka, naweza kukupigia simu? Akavaa miwani, akaandika namba yake nyuma ya bahasha, kisha chini yake akaandika: Jumanne asubuhi na Alhamisi, hapana. Hizo hapana mbili ndizo zilizonipa imani. Anayekwambia lini hawezi amelifikiria jambo lako. Kesho yake tukapeleka jina lake kituoni, aingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Kama una watoto ugenini, nakusihi ufanye hivyo sasa wakiwa wazima. Siku ya homa kituo hakitampa mtoto mtu kisichomjua, hata ukilia kwenye simu.

Jumatatu iliyopita, siku ya kufunga mwezi, simu ikaja tena: mdogo katapika mara mbili. Nikampigia jirani, kisha nikamwandikia mama watoto ujumbe ausome akiamka. Saa 10 jioni nikagonga mlango wa ghorofa ya chini. Jirani akafungua na kidole mdomoni. Mdogo alikuwa amelala kwenye kochi, viatu bado miguuni, beseni limewekwa chini karibu na kichwa chake. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti, nikasubiri aamke.