Tulivyokarabati nyumba ya bibi Ngamiani kwa hesabu ya miaka

Nyumba iko Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, ya kizamani ya miti na udongo, ukumbi katikati vyumba huku na huku, uani nyuma. Ilipotufikia wajukuu bati lishaoza, lipu inadondoka na kila mtu ana lake. Kaka wa Dar anataka tuvunje tupandishe tofali, shangazi hataki hata kusikia, mimi ndo nakaa mle basi hesabu nikaachiwa mimi.

Nikachukua daftari, kila kitu nikakiandikia bei ya leo pamoja na ufundi, pembeni nikaandika kitakaa miaka mingapi kabla hatujamwita fundi tena, halafu nikagawanya. Hiyo miaka niliuliza mafundi na majirani waliokarabati zamani, sikuuliza wauza duka.

Bati kwa mfano. Geji 30 ni rahisi kuliko 28, lakini namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na huku upepo wa bahari una chumvi, kutu inaanzia kwenye misumari. Na likifa hulipii bati peke yake, unalipa ufundi upya, mbao zilizolowa, na godoro juu! Tukachukua 28 lenye mchanganyiko wa alumini na zinki.

Kwenye lipu ndo tulibishana sana. Fundi wa kwanza alitaka simenti nje na ndani, eti ndo imara. Sasa ukuta wa udongo unanyonya unyevu kutoka chini, ukiufunika na simenti maji hayana pa kutokea, chumvi inasukuma lipu inabanduka, na miti ndani inaoza huku we unaona ukuta unang'aa tu. Chokaa inapitisha mvuke. Tena mawe ya chokaa yako hapa hapa Amboni, usafiri sio wa kutisha. Ubaya wake inakomaa polepole, vijana wengi hawaijui kazi yake ikabidi tumtafute mzee mmoja, na kila baada ya miaka michache unapaka upya, hiyo nayo niliiandika nisije nikajidanganya. Bado ilishinda. Simenti tukaiacha bafuni na kwenye karo.

Maji hesabu yake nyepesi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu ni kama mita za mraba 90 na Tanga mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo ni lita 90,000 hata kama nyingine zitamwagika. Gata na simtanki tukaziweka.

Daftari nikalipiga picha nikamtumia kaka. Tofali kweli zingekaa miaka mingi, sikubishi, ila kuvunja, kubeba kifusi, msingi mpya na kodi ya kupanga wakati tunajenga, hivyo vyote kwenye hesabu yake havikuwemo. Akanipigia, "Mdogo wangu hapo umenibana, haya endelea."

Silingi bado. Yeye anataka jipsam, mimi nimemwambia kwanza tumalizie gata ya upande wa uani, maana masika maji yanaruka yanapiga chini ya ukuta na lipu yenyewe mpya. Shangazi yuko upande wangu, kwa hiyo jipsam itasubiri.