Siku Jua Lilipopatwa Rujewa

Juzi mpwa wangu alinipigia simu akitaka kujua kama tukio la tarehe 2 Agosti 2027 litakuwa ishara. Siku hiyo jua litapatwa kabisa, na kivuli cha mwezi, baada ya kupita Luxor kule Misri na kuvuka Bahari ya Shamu, kitapita juu ya Makka yenyewe, ambako giza litadumu kwa takriban dakika tano. "Kati ya miji yote ya dunia, mjomba, kwa nini Makka?" Sikumjibu papo hapo, kwa sababu swali hilo niliwahi kulisikia likibishaniwa na watu wawili ninaowaheshimu kuliko wote, mjini Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016.

Mama alikuwa amesema kwamba jua likipatwa Mbarali na yeye yuko hai, basi ataiswali swala yake hukohuko. Baba Mdogo, aliyekuwa amesomesha hisabati kwa miaka mingi na ambaye alikwisha kuacha kuswali bila kuficha na bila kumkera mtu, alitaka kuhakikisha kwamba mwezi ungefika kwa saa iliyotangazwa. Tukapanda basi moja. Mji ulikuwa umejaa wageni na wanafunzi wenye miwani maalumu, nasi tukajitenga na umati, tukapata mwembe mkubwa kando ya shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa.

Mwezi ulianza kulila jua asubuhi. Kwa kuwa siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, usingeweza kulifunika lote. Ungelikaa katikati na kuacha ukingo wa mwanga pande zote. Mama alitandika msala wake chini ya mwembe. Swala ya kupatwa kwa jua ni rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili ndefu, hivyo alikuwa bado ameinama muda mfupi kabla ya saa sita mchana, wakati ukingo ule ulipokamilika.

Sikulitazama jua kwa muda mrefu, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa ardhini. Kila upenyo kati ya majani ya mwembe ulikuwa umegeuka tundu la kupitishia taswira ya jua, na taswira hiyo sasa ilikuwa pete. Kulikuwa na mamia ya pete, nyingine kubwa, nyingine ndogo, zikipandana na kutikisika kila upepo ulipoyagusa matawi. Zilitanda juu ya mchanga na mizizi, juu ya ushungi mweupe wa mama na mgongo wake ulioinama. Baba Mdogo alikuwa ameweka karatasi nyeupe hatua moja kutoka kwenye msala, akapiga magoti mbele yake akizifuatisha kwa penseli, huku saa yake ya mkononi imelazwa kando. Mwanga wa mchana ulikuwa umefifia, na hewa imepoa kiasi cha kunisimamisha vinyweleo. Nilisimama kati yao nikiona pete zilezile juu ya ushungi na juu ya karatasi, na nilitamani kwa moyo wote kujua ni yupi kati yao aliyekuwa akikitazama kitu chenyewe. Baada ya dakika tatu hivi, pete zilikatika upande mmoja, zikawa hilali.

Mama alipotoa salamu, Baba Mdogo alimwambia kwa upole kwamba saa haikukosea. Kisha akamweleza habari ya Christopher Columbus, aliyekwama Jamaica mwaka 1504, wenyeji wakachoka kumlisha. Columbus alikuwa na almanaka iliyoonyesha kwamba mwezi ungepatwa usiku wa tarehe 29 Februari, akawatisha kwamba Mungu wake amekasirika na kwamba wataiona hasira hiyo mbinguni. Mwezi ulipopatwa, wakamletea chakula.

"Waliambiwa, shemeji, na ikatokea mbele ya macho yao. Je, walithibitishiwa Mungu, au walithibitishiwa almanaka?"

Mama alikunja msala wake kwanza. "Hicho ni kisa cha mwongo, shemeji. Mimi nina cha mkweli." Akasimulia jinsi Mtume alivyofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na jua likapatwa Madina siku hiyohiyo. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mtume akawakatalia, akawaeleza kwamba jua na mwezi ni katika alama za Mwenyezi Mungu, na wala havipatwi kwa sababu ya kufa kwa mtu yeyote au kuishi kwake. "Hata uongo hakuuhitaji. Kunyamaza tu kungemtosha, na msiba ulikuwa wake."

Baba Mdogo alikijua kisa hicho, maana aliongeza mwenyewe kwamba wanafalaki wamehesabu kurudi nyuma na kukuta kupatwa huko katika Januari ya mwaka 632. Akakaa kimya kwa muda. "Mtu anayekataa ushahidi unaompendelea, huyo ningempokea kuwa shahidi katika kesi yoyote. Lakini mkweli naye anaweza kukosea kuhusu kisichoonekana."

"Anaweza," mama alisema. "Hata wewe unaweza."

Tangu siku ile, mtu akiniletea habari za muujiza, kwanza huangalia kama amewahi kuukataa muujiza uliomfaa. Kipimo hicho kimenisaidia sana kuwajua watu. Kama kinaweza kunifikisha kwa Mungu, sina hakika, ingawa naswali, na naswali kwa dhati.

Njiani kurudi, tulipokuwa tukikaribia Makambako, Baba Mdogo alimuuliza mama ni kitu gani ambacho leo kingeonekana tofauti endapo Mungu asingekuwepo. Mama akamjibu kwamba kisingeonekana kitu chochote, wala asingekuwepo wa kukitazama.

"Hilo ndilo nisiloweza kulipima," Baba Mdogo alisema, "kwa sababu sina dunia nyingine ya kuilinganisha na hii."

Mama akasema kwamba hata yeye hana.