Siku Moja Maishani Mwangu: Buibui Asiye na Jina

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Brisbane kunapambazuka mapema mwezi wa Oktoba. Mijakaranda imechanua mtaa mzima, zambarau tupu, na kila nikifungua dirisha nahisi niko nyumbani Lushoto. Nachemsha chai ya tangawizi, natia chumvi kidogo kwenye mihogo iliyobaki jana, nakula nimesimama. Leo ni siku ninayoingoja tangu Juni: nakamilisha maelezo ya buibui wa milimita tatu na ushee, ambaye mpaka asubuhi hii hana jina katika lugha yoyote ya dunia.

Nasomea uzamivu katika uainishaji wa buibui. Huyu wangu ni wa ukoo wa Archaeidae, ambao huitwa buibui wauaji. Jina linatisha, lakini binadamu hana la kuhofia. Wanaouawa ni buibui wenzake. Wengine humwita buibui mwari, kwa sababu ukimtazama kwa ubavu unamwona yule ndege wa ziwani mwenye mdomo mrefu, na mimi napenda zaidi jina hili.

Ukoo wenyewe una historia ya ajabu. Ulijulikana kwanza kwa wafu. Mwaka 1854, wanasayansi Koch na Berendt walieleza buibui aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Baltiki, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, wenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, wakadhani wameona kiumbe aliyekwisha toweka. Mwaka 1881 akaelezwa ndugu yake aliye hai, kutoka Madagascar. Leo walio hai wanajulikana Madagascar, Afrika Kusini na Australia tu, nchi ambazo zamani sana zilikuwa bara moja.

Saa mbili kasorobo

Mlangoni yupo mzee wa zamu ya ulinzi, Mrundi aliyeishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Ni mtu pekee ninayemwamkia kwa Kiswahili kabla ya kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Yule mdudu wako amepata jina?"

"Leo tunaandika, mzee. Jina lipo, ila halitajwi mpaka lichapishwe."

"Kama mtoto kabla ya siku saba," akasema, akanifungulia.

Nimeutumia mfano huo siku nzima. Jina likitoka ovyo kabla ya makala kuchapishwa huleta mkanganyiko wa miaka, kwa hiyo hata hapa sitalitaja, wala sitautaja mlima wake.

Saa mbili na nusu mpaka saa saba kasoro

Hadubini. Hapa ndipo siku yangu ilipo.

Nina dume mmoja aliyekomaa, majike wawili wa mlima uleule, na jike mmoja wa mlima wa pili ng'ambo ya bonde. Wote tuliwapata kaskazini mwa Queensland, katika misitu ya mvua iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1988. Kuwapata si mchezo. Hawakai kwenye utando. Mchana hujificha kwenye majani makavu, hasa yale yaliyonaswa juu kidogo ya ardhi, kwenye michikichi na mitambaazi. Unayachekecha majani juu ya shuka jeupe, halafu unakaa kimya. Buibui akishtuka hukunja miguu na kujifanya punje ya udongo. Dakika tano, dakika kumi, hata robo saa. Kisha punje moja inanyoosha mguu. Huku ruba wanakupanda vifundoni, na unachunga usiguse ule mti wa huko ambao majani yake huwasha kuliko upupu na maumivu yake hukaa miezi.

Nikamweka dume kwenye kisahani cha spiriti, juu ya punje za mchanga ili asimame wima. Buibui wa kawaida kichwa chake ni bapa, kimeungana na kifua. Huyu kichwa kimepanda juu kama shingo ya birika, na macho manane yamekaa kileleni. Kutoka kileleni hapo taya mbili zinashuka mpaka chini, ndefu, nyembamba, na ncha zake zina chonge za sumu. Upande wa ndani wa taya kuna safu ya vijino kama vigingi vya uzio. Akiwinda, huenda polepole usiku, kisha huchomoa taya moja pembeni, humchoma mwenzake na kumning'iniza hewani mbali na mwili wake hadi atulie. Mwindwa naye ana chonge, kwa hiyo urefu wa taya ndio uhai wa mwindaji.

Mgongoni, juu ya tumbo, ana vinundu. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, na miguu ina pete nyeusi na za manjano. Nimemtazama mara mia na bado nanyamaza nikimwona.

Nilipima kichwa kwa urefu wa kwenda juu na wa kwenda nyuma, kwa sababu uwiano wa vipimo hivyo viwili ni kati ya alama zinazotenga aina za jenasi hii, yaani kundi la aina zilizo karibu kwa nasaba, Austrarchaea. Kwa huyu, kimo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa kwenda nyuma. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu bila kutazama namba za kwanza, kama nilivyofundishwa.

Halafu kazi niliyoiogopa. Utambulisho wa dume uko kwenye palpi, vile viungo viwili vifupi mbele ya miguu, ambavyo ncha zake zimevimba na ndizo hupeleka mbegu kwa jike. Desturi ni kukata palpi ya kushoto, ili michoro ya dunia nzima ilingane. Nina dume mmoja tu. Nikazima simu, nikaegemeza viwiko mezani, nikaingiza kibano kwenye kiungo na kuvuta pumzi. Ikatoka safi.

Ndani ya uvimbe ule, ambao kwa jicho ni nukta, kuna vipande kadhaa vigumu vimepangana. Kimoja chembamba kimepinda kama kucha ya paka. Nikamtoa dume wa Austrarchaea daviesae kwenye droo yake, aina iliyoelezwa mwaka 1984 na Forster na Platnick, nikaweka palpi zao kandokando. Kwa daviesae ile kucha imenyooka zaidi na kipande cha nyuma yake ni kipana. Kwa huyu wangu kipande hicho kina kona kali. Niliwageuza wote wawili kila upande kwa zaidi ya saa nzima nikitafuta pembe itakayoifanya tofauti ile ipotee. Haikupotea.

Picha zikafuata. Kwenye ukuzaji huo ni tabaka jembamba tu linaloonekana vizuri kwa wakati mmoja, kwa hiyo unapiga nyingi, kila moja chini kidogo ya iliyotangulia, na programu inaziunganisha.

Saa saba

Wali na maharage nje kwenye benchi.

Saa nane na robo

Baruapepe kutoka maabara ya vinasaba. Mwezi uliopita nilikata mguu mmoja kwa kila buibui na kuupeleka. Majike wawili wa mlima wa kwanza na dume wamekaa pamoja kwenye mti wa nasaba, kama nilivyotarajia. Jike wa mlima wa pili amekaa mbali.

Nilisoma mara mbili, nikaenda kwa msimamizi wangu. Rasimu yangu ilimhesabu jike huyo kuwa ni wa aina hiyohiyo, kwa sababu kwa umbo wanafanana mno na milima inatazamana. Tukajadiliana karibu saa nzima. Mwenzetu mmoja alishauri tumtaje hukohuko kuwa aina ya pili mpya, makala ipate uzito. Nilikataa, na ninasimama hapo. Sina dume wake. Kumpa jina kwa jike mmoja na vinasaba vya mguu mmoja, wakati dume anaweza kupatikana tukirudi, ni kumwachia mtu wa kesho mzigo wa kufumua.

Lakini kumfunika na jina la jirani pia ni kosa, na hilo sikulisoma kitabuni. Nimekulia Usambara Magharibi. Vinyonga wetu wa pembe mbili waliitwa kwa miaka mingi fischeri, jina moja pamoja na wa milima mingine, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipowatenganisha na wetu akawa Kinyongia multituberculata. Muda wote huo, aliyeuliza ni wangapi waliobaki Usambara alijibiwa kwa hesabu ya milima mingine. Buibui hawa, tujuavyo, hawapeperushwi na upepo kwa nyuzi kama wengine wengi. Bonde kavu kwao ni bahari.

Tukakubaliana: jike wa mlima wa pili anatoka kwenye maelezo, anatajwa kwa namba yake tu, na nafasi yake inabaki wazi.

Saa tisa na nusu alasiri

Kuandika. Maelezo ya aina mpya hayana mapambo: gamba rangi gani, taya vijino vingapi, vinundu vimekaaje. Ninayapenda hivyo. Msomaji wa miaka 100 ijayo atashika buibui mkononi na kuuliza, "Ni huyu?" na sentensi zangu lazima zimjibu.

Sehemu ya uhifadhi ilinichukua muda kuliko zote. Mioto mikubwa ya Australia ya 2019 na 2020 iliteketeza karibu makazi yote yanayojulikana ya Zephyrarchaea austini, ndugu wa huyu aliyeko Kangaroo Island, kisiwa cha kusini mwa Australia, na wataalamu wakahofu amekwisha. Wachache walipatikana baadaye katika vipande visivyoungua. Watu walijua pa kumtafuta kwa sababu alikuwa ameshapewa jina na mahali pake pameandikwa.

Saa kumi na moja na nusu jioni

Lebo. Naandika kwa mkono, kwa wino usioyeyuka kwenye spiriti: mahali, kimo cha mlima, tarehe, waliokusanya. Dume ndiye holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina litafungwa kwake milele. Palpi yake naiweka kwenye kichupa chake kidogo kama punje ya mchele, kichupa kinaingia kwenye chupa, chupa kwenye droo. Jike wa mlima wa pili nimempa chupa yake, mbali.

Saa kumi na mbili

Huku jua linazama, Lushoto ni saa tano asubuhi. Mama yuko sokoni, nasikia watu wakipatana bei ya kabichi.

"Mwanangu, umemaliza?"

"Nimemaliza mmoja, mama. Mwingine bado, hatujampata mume wake."

"Mtarudi tena kule msituni?"

"Mwezi wa tano, Mungu akipenda."

"Basi vaa soksi ndefu. Wale ruba ulionionyesha sijawasahau."