Mimea ya milimani: chuquiraga imeingia kwenye rangi

Mchoro wa Dendrosenecio, ule mmea mkubwa kama mti wa Kilimanjaro, umekwisha na uko ukutani, kwa hiyo nimehamia milima ya Andes, Amerika Kusini. Zamu hii ni ya Chuquiraga jussieui, kichaka cha jamii ya alizeti kinachoota Ekuador kwenye miteremko ya volkano kama Chimborazo na Cotopaxi, huko juu kupita mita 3,500. Nachora kwa kutazama picha za vielelezo vikavu vya makumbusho na zile za wapanda milima.

Nimekichagua kwa sababu ya ukoo wake. Mwaka 1987 wanabotania Robert Jansen na Jeffrey Palmer walionyesha kwamba kipande cha DNA ya kloroplasti (zile chembe za kijani za majani) kilichopinduka mwelekeo kwa karibu jamii nzima ya alizeti, kwa chuquiraga na ndugu zake wa karibu hakijapinduka. Tawi lao lilijitenga mapema sana.

Majani hayakunisumbua: madogo, magumu, yamebanana kwenye shina, kila moja na ncha ya kuchoma. Mng'ao wake nimeuacha uwe weupe wa karatasi yenyewe.

Kazi iko kwenye ua. Ile rangi ya chungwa inayoonekana kwa mbali ni ya vigamba, safu juu ya safu: vya chini vifupi na vya kahawia, vya juu virefu na vyekundu-chungwa. Maua yenyewe ni vijibomba vyembamba vinavyochungulia kileleni. Vigamba vimepandana kama vigae, ila kinyume cha paa, kwani cha chini ndicho kinachofunika kitako cha kile cha juu yake. Ndiyo maana naanzia chini na kupanda. Manjano kwanza kote, kisha chungwa, halafu kahawia kwenye ncha tu, kwa penseli iliyochongwa kweli kweli. Inachosha macho, lakini sijawahi kufurahia kitu hivi.

Kichaka nimekiweka na mgeni wake, ndege-mvumaji Oreotrochilus chimborazo, dume mwenye kichwa cha zambarau. Wachoraji wengi wanapenda kumwonyesha akielea hewani. Mimi nimemtuliza tawini, kwa kuwa mara nyingi huyu hunyonya nekta akiwa ametua. Kwenye hewa nyepesi kiasi kile kupepea mbawa kunakula nguvu. Chozi wa milima yetu naye hutua hivyo hivyo kwenye lobelia.

Zimebaki kucha za ndege na mbegu yenye manyoya, ambayo nitaichora pembeni kwa ukubwa zaidi. Kisha nakwenda Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, kwa Chuquiraga avellanedae, yenye maua ya manjano, na penseli yangu ya manjano imebaki kipisi.