Jinsi nilivyorudisha mngurumo wa treni yangu ndogo

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Tabora, mji ambao Reli ya Kati iliufikia mwaka 1912, na utotoni mwangu nililala nikisikia injini za dizeli zikinguruma usiku. Sasa naishi Hamburg. Nilipoanza kukusanya treni ndogo za kipimo cha 1:87, nilichokitafuta hasa ni ule mngurumo. Kwa hiyo nilipopata kichwa cha dizeli chenye sauti, cha mtumba, kwenye gulio la Jumapili, nilirudi nacho nyumbani nimekipakata kama yai.

Hata wiki haikuisha kikaanza kukoroma. Mngurumo uliingia mkwaruzo, na kila kikipita kona ya dirishani sauti inakatika kabisa, halafu inarudi.

Nilishuku dekoda, kile kibao cha elektroniki kinachopokea amri na kutoa sauti, maana ndicho kitu ghali humo ndani. Nikairudisha kwenye mpangilio wa kiwandani kwa kuandika 8 kwenye CV 8, moja ya nafasi za mipangilio ndani ya dekoda, kama dekoda nyingi zinavyotaka. Namba ya kuiitia treni ikarudi kuwa 3, mipangilio yangu yote ikafutika, na mkwaruzo ukabaki palepale.

Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho kinakoroma?"

Nikasogeza simu karibu. Akasikiliza, kisha akauliza: ikisimama nayo inakwaruza? Na honi je? Ikikatika, taa zinazimika? Sikuwa na jibu hata moja. "Basi usifungue kitu," akasema. "Kaa uitazame kwanza."

Nikazima taa ya chumba nikakaa chini usawa wa reli. Pale konani taa za treni hazikupepesa hata kidogo, na mota haikushtuka. Hapo nikapata mwanga. Reli au magurudumu yakiwa machafu, umeme unakatika kwa dekoda nzima: taa zinapepesa, na sauti ikirudi inaanza upya, injini inawashwa kama asubuhi. Yangu ilirudi katikati ya mngurumo. Kumbe dekoda ilikuwa inaimba muda wote, ila sauti haifiki kwenye spika. Na honi ilitoka safi. Kilichokwaruza ni ule mngurumo mzito, ambao ndio unaisukuma mbele na nyuma zaidi ile ngozi nyembamba ya spika.

Nikafungua bodi. Spika ni kijidude cha milimita 11 kwa 15. Kwa lenzi nikaona nyuzi za chuma, nyembamba kuliko nywele, zimesimama wima juu ya ngozi yake, zimevutwa na sumaku. Steelwire! Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akisugua reli kwa steelwire ya jikoni. Jamani, msifanye hivyo. Kitambaa chenye spiriti kinatosha kabisa. Nilizungushia selotepu kwenye ncha ya kijiti cha meno, gundi ikiwa nje, nikazidokoa moja moja bila kukandamiza ngozi. Kazi ya saa nzima.

Ikabaki ile ya konani. Nilizitoa nyaya mbili za spika kwenye dekoda nikapima kwa mita: ohm 7.6, sawa kwa spika ya ohm 8. Nikautikisa waya mmoja kidogo, mita ikaonyesha hakuna njia. Ganda lake lilikuwa zima, lakini shaba ya ndani imekatika, pale bogi, kile kigari cha chini kinachobeba magurudumu, linapouvuta likigeuka kwenye kona. Nikaweka waya mpya wenye ulegevu wa kutosha, nikalehemu harakaharaka ili joto lisiyeyushe plastiki, nikavika kila kiungo mpira wa kusinyaa. Hapo sikuhatarisha, kwa sababu waya wa spika ukigusa fremu ya chuma dekoda inaweza kuungua. Mwisho nikaziba kingo za kiboksi cha spika kwa gundi laini ya udongo, kwani hewa ya nyuma ikivuja inaiua ile ya mbele na besi inapotea.

Nilipowasha, mngurumo ulitoka mzito kuliko siku niliyoinunua. Nikapiga simu Tabora, nikaiweka kando ya reli, treni ikapita kona mara tatu. Baba alinyamaza muda mrefu.

"Usiizime kwanza," akasema.